Utaitambuaje mimea ya ziwa la msituni kaskazini mwa Minnesota

Swali: Msomaji wetu, mama wa watoto wawili aliyezaliwa Nakuru na sasa anaishi Brooklyn Park, Minnesota, ameandika hivi: "Mwezi wa saba tunakwenda kukaa wiki moja kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, kaskazini ya mji wa Grand Rapids, ndani kabisa msituni. Nimekulia shambani, na kwetu nilijua jina la karibu kila jani. Huku naona kijani tu. Nianzie wapi? Ni mimea ipi watoto wasiiguse? Na je, tunaruhusiwa kuchuma chochote tule au tupeleke nyumbani?"

Jibu:

Dada, anayejua jina la kila jani la shambani kwao ana ujuzi mkubwa, na ujuzi huo umevuka bahari pamoja nawe. Kumbuka ulivyokuwa ukitafuta mboga za kienyeji. Hukwenda kutafuta mnavu juu ya jabali, wala mafunjo mlimani. Kabla hujaliona jani, ulishajua mahali pake. Ziwani utaratibu huo una nguvu zaidi, kwa sababu maji huipanga mimea kwa mistari: kuna inayoishi kwenye kina, kuna inayosimama maji yakiwa ya magotini, kuna ya tope, kuna ya kinamasi, na kuna inayotaka mchanga mkavu chini ya misonobari. Maziwa haya yaliachwa na barafu kubwa iliyoyeyuka miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Minnesota peke yake ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na huko kaskazini mistari hiyo inajirudia karibu kila ziwa. Kabla ya kuuliza mmea unaitwaje, uliza umesimama wapi. Jibu litakuwa limekupunguzia kazi nusu nzima.

Anzia kwenye gati la mbao, asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Majani yanayoelea utayaona mara moja, na watu wengi huyaita yote mayungiyungi wakaishia hapo. Ukiyachunguza utakuta ni ya aina tatu. Yungiyungi jeupe lenye kunukia, Nymphaea odorata, lina jani linalokaribia duara, lenye mpasuko mmoja unaofika hadi kikonyo kilipoungana na jani, na mishipa yake inatawanyika kutoka hapo kwenda pande zote. Ligeuze: upande wa chini mara nyingi ni mwekundu unaoelekea zambarau. Ua lake hufunguka asubuhi na kujifunga mchana, kwa hiyo ukitoka baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana utadhani ziwa halina maua. La pili ni la njano, Nuphar variegata. Jani lake lina umbo la moyo, mshipa mmoja mnene unapita katikati ukitoa matawi kando, na kikonyo chake ni bapa chenye ukingo mwembamba pande mbili. Ua lake limefumbata, halitandazi petali zake juu ya maji kama lile jeupe.

La tatu ndilo watoto watalipenda. Linaitwa Brasenia schreberi. Ni jani dogo la umbo la yai, halina mpasuko wowote, na kikonyo kimeshika katikati kabisa ya tumbo lake. Mwambie mtoto apitishe kidole chini ya jani. Limefunikwa na ute mzito unaoteleza, na mkono ukishauhisi hausahau. Hapo mtakuwa mmetambua mimea mitatu kwa jani peke yake, bila kusubiri ua, na hiyo ndiyo tabia ninayotaka muijenge wiki nzima: ua hupita, jani lipo.

Sogea sasa kwenye maji ya magotini, penye majani marefu membamba. Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu yote yanafanana. Chukua shina moja ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi pembe tatu, uko kwenye jamii ya ndago na mafunjo. Wewe uliyepalilia ndago na kuona mafunjo ya Naivasha tayari unazijua pembe hizo; huko kaskazini wengi wa jamii hiyo ni Carex, na aina zake ni nyingi mno kiasi kwamba kuishia kwenye "Carex" ni mafanikio ya kutosha. Ukihisi shina duara lenye vifundo na uwazi ndani, hiyo ni jamii ya nyasi, waliko matete na mpunga. Duara lisilo na kifundo hata kimoja, laini tangu chini hadi juu, aghalabu ni Juncus. Kanuni hii ina mwasi mmoja mashuhuri: Schoenoplectus acutus, yale mashina marefu ya kijani kibichi yanayosimama majini mbali kidogo na ufuko, yakiwa hayana majani ya kuonekana. Ni ndugu wa damu wa mafunjo, lakini shina lake ni duara.

Typha utaitambua kwa kile kichwa kinene cha kahawia kileleni. Ni jamaa wa ile iliyojazana Ziwa Jipe. Tatizo lake ni kabla haijatoa kichwa, kwa kuwa pembeni yake huota Iris versicolor, yenye maua ya buluu inayoelekea zambarau, na shina lake la chini ya tope lina sumu. Majani ya Iris yamebanwa bapa na kupangwa upande mmoja mithili ya kipepeo cha kupulizia jiko. Typha huwa mviringo zaidi pale chini majani yanapokumbatiana. Nalieleza hili kwa sababu utasoma mahali fulani kwamba Typha huliwa. Ni kweli, huliwa, ila usiichimbe mwaka wako wa kwanza.

Mpunga wa maji wa huko, Zizania palustris, unastahili utulivu wako. Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo, wanauita manoomin, nao ndio uti wa chakula chao na wa ibada zao. Ni mmea wa mwaka mmoja: mbegu huanguka majini, hulala chini ya barafu, na kuota upya majira ya kuchipua. Mwezi wa sita majani yake hulala juu ya maji yakielekea upande mmoja na mkondo. Mwezi wa saba, mkiwa huko, yatakuwa yameinuka na kusimama. Tazama suke: maua ya kike yako juu, yamebana shina, na ya kiume yananing'inia chini yake. Mkipita na mtumbwi, zungukeni shamba hilo, msilikate katikati, maana shina likivunjika mwezi wa saba halitazaa tena mwaka huo.

Nyuma ya ghuba iliyotulia mara nyingi kuna kinamasi chenye zulia la kuvumwani, Sphagnum, linalonesa ukilikanyaga. Sehemu nyingine zulia hilo linaelea juu ya maji, kwa hiyo mtoto asiingie peke yake. Hapa maji ni ya tindikali na chakula cha mmea ni haba sana, ndiyo maana mimea mingine imejifunza kula wadudu. Sarracenia purpurea ina majani yaliyojikunja kuwa vikombe vyenye maji ya mvua, na inzi huteleza ndani wasitoke. Drosera rotundifolia ni ndogo mno, yenye vijani vya duara na nywele nyekundu zenye tone la kunata kwenye ncha. Itafuteni mkiwa mmepiga magoti, kwani mtu aliyesimama huipita bila kuiona.

Kwenye kinamasi hichohicho ndipo ninapompimia mwanafunzi wangu. Kuna vichaka vitatu vya jamii moja, vyote vifupi, vyote na majani membamba ya kijani yasiyopukutika, na kingo zilizojikunja kuelekea chini. Kimoja ni chai ya Labrador, Rhododendron groenlandicum, ambayo Waojibwe na mataifa mengine ya kaskazini wamekunywa tangu zamani. Vingine viwili, Kalmia polifolia na Andromeda polifolia, vina sumu inayoshusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ukivitazama kwa juu utachanganyikiwa. Geuza jani. La chai ya Labrador chini lina manyoya mazito, meupe likiwa changa na ya rangi ya kutu likikomaa. La Kalmia chini ni jeupe, halina manyoya hayo, na majani yake yanakabiliana mawilimawili kwenye kijiti. La Andromeda nalo ni jeupe chini bila manyoya, lakini majani yanapishana. Kugeuza jani na kutazama kama majani yanakabiliana au yanapishana kutakufikisha mbali kuliko kitabu cha picha elfu moja. Kuhusu kuinywa hiyo chai, nakushauri uiache: kuitambua ni kazi moja, kuijua kiasi cha kunywa ni kazi ya waliorithi.

Miti nitaipita haraka, kwa sababu hiyo ni rahisi. Misonobari iliyopandwa Kenya, Pinus patula, kwa kawaida ina sindano tatu katika kila fungu. Huko hesabu upya. Tano laini ni Pinus strobus. Mbili ndefu, za sentimita 10 hadi 15, zinazokatika kwa mlio ukizikunja, ni Pinus resinosa, mti wa jimbo la Minnesota. Mbili fupi zilizojipinda na kuachana ni Pinus banksiana, ambayo koni zake nyingi zimefungwa kwa ulimbo hadi joto la moto wa msitu lizifungue. Sindano zinazoota mojamoja zizungushe kwenye vidole: za Picea zina pembe nne, huzunguka, za Abies balsamea ni bapa, hazizunguki, na chini zina mistari miwili meupe. Mti wa kinamasini wenye vishada vya sindano laini za kijani hafifu ni Larix laricina. Huo hugeuka dhahabu majira ya kupukutika na kumwaga sindano zote, jambo linalowatisha wageni wanaodhani umekufa.

Sasa swali lako la watoto, nami nitakaa hapa.

Mmea wa kuogopwa kuliko yote ufukoni ni Cicuta maculata. Ni wa jamii ya karoti na giligilani: maua madogo meupe yaliyokusanyika kwa umbo la mwavuli, mashina yenye uwazi ndani, mara nyingi na michirizi ya zambarau, majani yaliyogawanyika vipande vyenye meno. Ukitazama kwa makini, mishipa midogo ya kipande cha jani huelekea kwenye mabonde kati ya meno, si kwenye ncha za meno. Sumu yake, sikutoksini, imo mwilini mwote na imekusanyika zaidi kwenye mizizi, ambayo watu wamewahi kuila wakidhani ni karoti mwitu. Hushambulia mishipa ya fahamu, na degedege linaweza kuanza ndani ya saa moja. Huhesabiwa miongoni mwa mimea yenye sumu kali kuliko yote Amerika Kaskazini. Jirani yake, Sium suave, haina ukali huo na hufanana nayo sana, ndiyo maana sikufundishi kuzitofautisha ili ule. Wafundishe watoto kanuni moja tu: kila mwavuli wa maua meupe karibu na maji hauchumwi, hautafunwi, na shina lake halitengenezwi filimbi. Ndugu yake wa njano, Pastinaca sativa, huota zaidi kando ya barabara. Utomvu wake ukigusa ngozi halafu jua likawaka, ngozi huungua na kubaki na baka kwa muda mrefu.

Mmea wa pili, Toxicodendron rydbergii, utauona umeandikwa kwenye vibao kwa jina la poison ivy. Hauui, lakini unaharibu likizo. Jani lake limegawanyika vipande vitatu, cha katikati kikiwa na kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Hauna mwiba hata mmoja, na matunda yake ni meupe yanayoelekea njano. Ukikuta vipande vitatu vyenye miiba na upande wa chini ni mweupe, huo ni mrasiberi. Vitatu vidogo vya chini kabisa, vyenye meno yaliyolingana pande zote, ni stroberi mwitu. Huu wa sumu ni wa jamii ya mwembe na mkorosho, na watu wa Pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao: mafuta ya ganda la korosho mbichi hubabua, na utomvu wa embe huwatoa wengine vipele mdomoni. Kemikali zao ni za ukoo mmoja na urushioli, mafuta yaliyomo kwenye mmea huu. Kama kuna mtoto wako anayewashwa na ganda la embe, mwangalie kwa karibu zaidi. Wala asijisifu aliyegusa mara ya kwanza asipate kitu, kwa sababu mara nyingi mwili hujifunza kuuchukia mmea huu kwanza, na malengelenge huja safari inayofuata. Aliyegusa aoshwe upesi kwa sabuni na maji mengi ya baridi, na nguo zifuliwe, maana mafuta hayo hukaa kwenye viatu, nguo na hata manyoya ya mbwa. Msiuchome kamwe, moshi wake huumiza mapafu.

Mtu akitafuna kitu usichokijua, usisubiri dalili. Namba ya bure ya kituo cha sumu kote Marekani ni 1-800-222-1222, usiku na mchana. Ukiona degedege au kupumua kwa shida, piga 911 kwanza. Beba kipande cha mmea au picha yake.

Kuhusu kuchuma, habari ni njema. Mwezi wa saba ukielekea ukingoni, bluberi mwitu, Vaccinium angustifolium, huiva chini ya misonobari na juu ya miamba, kwenye vichaka visivyofika gotini. Tazama kitako cha tunda: lina taji dogo lenye ncha tano. Mtoto asiweke tunda la buluu mdomoni kabla hajakuonyesha taji hilo. Kuna tunda lingine la buluu, Clintonia borealis, linalosimama juu ya kijiti kisicho na majani, huku majani mapana yanayong'aa yakiwa yamelala chini, hilo haliliwi. Na tunda jekundu au jeupe linalong'aa la Actaea rubra, lililo kwenye kishada msituni penye kivuli, ni sumu. Usiamini maneno ya watu kwamba tunda lililoliwa na ndege ni salama. Ndege hula matunda mengi yanayoweza kumlaza mtu hospitalini, na Actaea ni mojawapo.

Katika hifadhi za jimbo, Itasca ikiwemo, mnaruhusiwa kuchuma matunda na uyoga wa kula kwa matumizi yenu wenyewe, lakini mimea mingine haing'olewi. Mkiwa kwenye ardhi ya mtu, ombeni ruhusa. Mkibahatika kukuta okidi ya waridi na nyeupe, Cypripedium reginae, ua la jimbo tangu 1902, pigeni picha na kuondoka. Inalindwa na sheria tangu 1925, na mche wake unaweza kuchukua miaka 16 kabla ya kutoa ua la kwanza. Manyoya yake nayo huwasha.

Mimea ya majini msiibebe hata jani. Kusafirisha mimea hiyo barabarani ni kosa Minnesota, na kabla ya kuondoka ziwani mtumbwi na injini vinasafishwa, na kizibo cha kutolea maji kinafunguliwa. Wewe unajua gugumaji lilivyoziba fukwe za Kisumu; huko hofu yao ni Myriophyllum spicatum, iliyoonekana Ziwa Minnetonka mwaka 1987 na kuenea kwa vipande vidogo vilivyonasa kwenye boti. Ukiitoa majini hulegea, na kila jani lake linalofanana na unyoya lina jozi 12 au zaidi za vijiti vyembamba, ilhali ndugu yake mwenyeji ana chache kuliko hizo.

Nyumbani mtapeleka picha. Kwa kila mmea pigeni nne: mmea wote pamoja na mahali ulipo, jani juu na chini, pale jani linaposhika shina, na ua kutoka mbele na ubavuni. Programu ya simu iitwayo Seek, inayokisia jina la mmea kwa kuutazama kupitia kamera, inafaa watoto kwa sababu haihitaji kufungua akaunti. Ichukulieni kama mtoa pendekezo la kwanza: kwenye mayungiyungi na okidi hufanya vizuri, kwenye Carex na kwenye ile miavuli meupe msiitegemee. Lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10 ni bora kuliko programu yoyote, nayo haiishiwi chaji. Vaeni suruali ndefu msituni na mkaguane kupe jioni, kwa kuwa wale wadogo hueneza ugonjwa wa Lyme.

Mpunga wa Waojibwe hukomaa mwishoni mwa mwezi wa nane na mwezi wa tisa. Kuuvuna kunahitaji leseni, mtumbwi, upondo na fimbo mbili za kupigia masuke. Mbichi hauvunwi, na ndani ya maeneo ya Waojibwe wenyewe kuna masharti ya ziada kwa wageni. Mkitaka kuonja mwezi huohuo wa saba, nunueni kwa Waojibwe wanaouza wenyewe. Sheria ya jimbo inataka ule uliolimwa kwenye majaruba uandikwe hivyo kwenye pakiti, kwa hiyo someni. Ule wa ziwani uliokaangwa kwa kuni una rangi ya kahawia hafifu na huiva upesi kuliko ule mweusi wa dukani. Anza kuuonja baada ya dakika 20.